Wadenishi wa Sikonge

Ukiwa Sikonge, simu imekuzimikia na hujui leo ni siku gani, ungeweza kwenda nyuma ya ukumbi wa kanisa jioni ukasikiliza. Ukisikia miguu midogo ikichakura sakafu haraka haraka, kama kuku waliomwagiwa mtama, ni Jumanne. Ukisikia kimya, kisha kishindo kimoja chepesi cha watoto wengi wakitua pamoja, kisha kimya tena, hiyo ni Alhamisi. Mwalimu Recheli hakuchanganya siku. Somo la Jumatatu lilikuwa la Jumatatu tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto wa shule ya msingi, na wimbo wake ni ule ule. Aliyelikosa kwa sababu ya kufunga tumbaku nyumbani kwao alisubiri Jumatatu nyingine. Hakufidiwa siku ya Jumatano.

Watu wa mji waliiita ngoma ya Sista. Jina lake hasa ni baleti, ila jina hilo lilitumika siku za wageni tu.

Sista mwenyewe alikuwa Bodili, muuguzi kutoka Denmaki, aliyekuja kufanya kazi katika hospitali ya misheni wakati wagonjwa wa ukoma walikuwa bado wengi. Kazi yake ilikuwa miguu. Kila asubuhi aliketi kwenye kigoda, akapakata mguu wa mgonjwa huyu, kisha wa yule, akauosha, akaukwangua magamba, akatafuta vidonda ambavyo mwenye mguu hakuvijua. Aliwafundisha waikague miguu yao kila jioni, kama mtu anavyochambua mchele. "Maumivu ni mlinzi," aliwaambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Mlinzi wenu amekufa. Sasa macho yalinde."

Saa za kazi zikiisha, alivua koti jeupe na kile kiatu chake cha ngozi chenye soli nene, akaingia ukumbini kwa soksi, akawafundisha watoto wa jirani mambo aliyojifunza utotoni kwenye shule ya ukumbi wa michezo wa mfalme, huko Kopenhageni. Na humo ukumbini mafundisho yake yalipinduka. "Usoni pasionekane kitu," alisema. "Anayetazama asijue kama inauma. Akijua, umemharibia jioni yake."

Recheli alimpenda kama watoto wapole wanavyopenda, yaani kwa mbali, kwa kumwangalia tu. Alijifunza kila kitu chake. Alijifunza namna ya kushusha macho mpaka kwenye mguu unaofanya kazi, kana kwamba unamshukuru. Alijifunza mikono iliyotulia chini, laini, isiyopiga kelele. Alijifunza kuruka bila kuchukua mbio, kutoka papo hapo, na kudunda tena kabla mtu hajajua kwamba umetua. Sista alipozeeka na kurudishwa kwao, ambako alifariki baada ya muda si mrefu, Recheli alipewa ufunguo wa ukumbi. Mchana alikuwa mshonaji wa sare za shule. Jioni alikuwa Mwalimu. Hakuolewa. Watu waliokuwa wakimwonea huruma kwa hilo waliacha, kwa sababu hakuonekana kama mtu anayesubiri kitu.

Simu za kupangusa zilipofika mpaka vijijini, watoto wakaanza kuona baleti za watu wengine. Siku moja Mektilda, kadogo kuliko wote na kenye mdomo kuliko wote, alimkimbilia na simu ya kaka yake.

"Mwalimu, ona! Mguu umefika sikioni!"

Recheli akatupa jicho. "Hao Warusi."

"Kwani sisi nani?"

"Sisi Wadenishi."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, na jina likashika. Akina mama wakawa wanaita uani, "We Mdenishi, hebu njoo uteke maji!" Recheli hakucheka nao, lakini moyoni alifurahi, kwa sababu lilikuwa kweli. Siku ile alikaa na watoto akawaeleza, jambo asilolifanya mara nyingi, kwa kuwa maneno mengi yalimchosha. Aliwaambia Mrusi anafunzwa mgongo na mikono, na hujifunza kuujaza uwanja mpana. Kila kitu chake kikubwa, kila kitu kinakwenda juu. Mdenishi alianzia kwenye jukwaa dogo, mbele ya mfalme aliyekaa karibu. Kwa hiyo akafunzwa adabu ya sebuleni: usinyooshe mguu puani mwa mgeni, usijitape, fanya jambo gumu kama mtu anayemimina chai. "Mtu akikuona akasema, aa, hata mimi naweza, ujue umeweza," alisema Recheli.

Kisha kulikuwa na kisigino.

Kila mtoto aliyepita kwa Recheli alijua sheria hiyo kabla hajajua nyingine. Ukitua kutoka juu, kisigino cha kushoto kinagusa sakafu, cha kulia hakigusi. Cha kulia kinabaki juu kidogo, upana wa kidole, kama mtu aliyesimama kwenye umande. Hata ukisimama tu, ukisubiri zamu, hakigusi. Sista hakuwahi kuisema sheria hiyo kwa mdomo. Lakini ndivyo alivyotua yeye kila siku mbele yao, na watoto wa kwanza, Recheli akiwa miongoni mwao, waliiona na kuifuata. Ndiyo iliyoupa uchezaji wao ule wepesi wa upande mmoja ambao wageni waliusifu bila kujua kwa nini. Recheli aliisimamia kwa ukali ambao hakuwa nao katika mambo mengine. Alitembea nyuma ya mstari na rula ya cherehani, akaipitisha chini ya kisigino cha kila mmoja. Rula ikikwama, mtoto alirudia.

Mama yake Ng'washi ndiye aliyewahi kuliuliza waziwazi. Ni Msukuma, aliyehamia Sikonge na mumewe na ng'ombe wao, wakafyeka, wakalima tumbaku, na sauti yake ilizoea kuita ng'ambo ya mbuga. Alisimama mlangoni siku moja, beseni kichwani, akatazama mpaka mwisho.

"Mwalimu, shikamoo. Sasa ngoma gani hii isiyokanyaga chini?"

"Marahaba, mama. Ndivyo ilivyo ya kwao."

"Mnarukaruka kama mmeingia kwenye makaa! Sisi tukicheza, ardhi inajua." Akapiga mguu mmoja kizingitini, beseni halikutikisika, na vumbi likaruka. Watoto wakashangilia. "Haya, mfundisheni huyo wangu. Nyumbani haniletei faida, anaruka mpaka akiwa anafagia."

Huyo wake, Ng'washi, alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, mweusi, mrefu wa shingo, mchache wa maneno kama Recheli mwenyewe. Kuruka kwake hakukuwa kama kwa wengine. Wengine walijirusha. Yeye ilikuwa kana kwamba ardhi imemwachia. Recheli alipomwona mara ya kwanza akiruka, ilibidi ageukie dirishani, asije mtoto akaona anavyotazamwa. Miaka yote alikuwa akifundisha kitu ambacho yeye alikiona akilini tu. Sasa alikiona kwa macho.

Maana yeye mwenyewe hakuwa ameruka tangu ujana wake. Alikuwa akiwaonyesha watoto zoezi la Alhamisi alipohisi kama mtu amemrushia jiwe nyuma ya mguu. Akageuka amwone aliyerusha. Hakukuwa na mtu. Ule mshipa mkubwa wa nyuma ya kisigino cha kulia ulikuwa umekatika. Ulifungwa, ukaungana, ukawa mfupi na mgumu kama kamba iliyolowa ikakauka. Alimwandikia Sista huko Denmaki, akamwomba radhi kwa kutofanya mazoezi vizuri. Ndivyo alivyoelewa: kwamba kosa lilikuwa lake, kwamba mwili wa mtoto wa mkulima haukutosha.

Kwa hiyo Ng'washi alipomwendea mwezi mmoja kabla ya sikukuu ya jubilei ya ushirika wa kanisa, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, muundi unaniuma," Recheli alijua mahali pa kugusa kabla hajaonyeshwa.

"Hapa?"

"Hapo hapo. Hata nikilala."

Kidole chake kilikuta uvimbe mdogo kwenye mfupa wa mguu wa kulia, kama punje ya hindi chini ya ngozi. Msichana hakukunja uso. Alikuwa amefundishwa vizuri.

"Wangu pia uliuma hivyo," Recheli alisema.

"Halafu?"

"Halafu ukaacha."

Hilo halikuwa uongo. Uliacha siku ile mshipa ulipokatika, kwa kuwa tangu siku ile hakuruka tena. Lakini hilo hakulisema. Alimkanda kwa mafuta ya moto, akampa siku mbili za kukaa pembeni, na siku ya tatu akamrudisha mstari wa mbele.

Wageni kutoka Denmaki walifika Jumamosi, na sikukuu ilikuwa Jumapili. Miongoni mwao alikuwamo ajuza mwenye fimbo, Lisbeti, mdogo wake Sista Bodili, ambaye hakuwahi kufika Afrika. Mchungaji Fikiri, aliyesoma Denmaki miaka kadhaa na kukijua Kidenishi, alimleta ukumbini aone watoto wakijiandaa. Recheli alikuwa amevaa gauni lake la kanisani tangu asubuhi.

Watoto walianza na zoezi la Jumatano. Hazikupita sekunde nyingi, yule ajuza akaushika mkono wa Mchungaji, akasema neno kwa sauti kubwa, macho yamemjaa.

"Anasema hii ni Jumatano!" Mchungaji akatafsiri, naye amechangamka. "Anasema dada yake alikuwa akiifanya Jumatano jikoni kwao, ameshika meza!"

Recheli aliinamisha kichwa. Hakuna mtu aliyewahi kumpa zawadi kama hiyo. Akawaashiria watoto waendelee. Ng'washi akatoka mbele, akaruka, na ajuza akaiegemea fimbo yake. Aliitazama miguu. Tabasamu likamfifia taratibu. Akauliza jambo.

Mchungaji alisita. "Anauliza... mbona watoto wote wanaumwa mguu?"

"Mguu gani?"

"Wa kulia. Anasema hawakanyagi kisigino."

Recheli akacheka kidogo, kwa aibu, kwa niaba ya yule mama aliyesahau mambo ya kwao. "Mwambie ndio mtindo wao huo. Mtindo wa Denmaki."

Mchungaji akamwambia. Ajuza hakucheka. Aliongea taratibu, akinyoosha kidole kwenye miguu ya watoto, kisha kwenye kifundo cha mguu wake mwenyewe, na Mchungaji alimwacha kwanza amalize, kisha akakohoa.

"Anasema si mtindo wao. Anasema kwao visigino vinashuka, vyote viwili, tena kwa makini, ndivyo vinavyoulinda mguu. Anasema..." Akamtazama Recheli. "Anasema huo ulikuwa mguu wa dada yake tu."

Ikawa hivi. Bodili akiwa msichana mkubwa, tayari amechaguliwa kuingia kundi la mfalme, alitumbukia kwenye tundu la jukwaa lililoachwa wazi wakati wa mazoezi. Kifundo kikasagika. Madaktari walikifunga kwa vyuma, na tangu siku hiyo kisigino chake cha kulia hakikufika chini tena. Kile kiatu cha soli nene kilishonwa kwa ajili hiyo. Aliacha kucheza, akasomea uuguzi, akaenda mbali kadiri alivyoweza. Nyumbani kwao aliwakataza wasilitaje jambo hilo, na hawakulitaja.

"Lakini sisi alituona," Recheli alisema. "Alituona tunavyofanya. Muulize, mbona hakutukataza?"

Ajuza akatikisa kichwa. Hilo hakulijua.

Recheli alilijua. Lilimjia palepale, wazi kama la jana. Alikuwa mtoto, amechoka, akatua kwa visigino vyote viwili. Sista akasimamisha kinanda. Akaitazama ile miguu miwili iliyotua sawasawa sakafuni, akaitazama muda mrefu, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyetajiwa marehemu wake. Recheli aliogopa. Aliporudia, alikiinua kisigino. Sista akapiga kinanda tena. Babu yake Recheli, ambaye baba yake alikuwa mpagazi wa misafara ya Waarabu, alikuwa akisema njiani hukutazama mbele wala nyuma, ulitazama kisigino cha aliyekutangulia, basi. Akiingia shimoni nawe umo. Alikuwa akilisema kama kichekesho.

Mchungaji Fikiri alimsogeza pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye ratiba.

"Mwalimu, nakuelewa. Lakini kesho kuna askofu, kuna mkuu wa wilaya. Haya mambo ya kisigino tutayaongea Jumatatu."

"Ng'washi anaumwa muundi."

"Watoto huumwa. Amesema hawezi?"

"Hajasema."

"Basi," alisema Mchungaji.

Recheli alimkuta Ng'washi nje kwenye bomba, akinawa uso. Alikuwa amekuja na maneno yote: mguu wa Sista, tundu la jukwaa, miaka yote hii ya rula. Alipomwona yule mtoto akimgeukia na maji yakimchuruzika kidevuni, akingoja kusifiwa, akayaacha yote. Angemwambiaje kwamba kitu alichokipenda kuliko vyote walikitoa kwenye jeraha la mtu? Na akishamwambia, yeye Recheli angekuwa nani?

"Kesho ukitua, weka kisigino," alisema.

"Cha kulia?"

"Ndiyo."

Ng'washi akafikiri anafanyiwa mtihani. "Mwalimu, si umesema kisiguse?"

"Nimesema kesho weka."

"Kwa nini?"

"Weka tu, Ng'washi."

Msichana alijaribu palepale kwenye simiti ya bombani. Aliruka kidogo, akatua, na kisigino kikasitasita njiani kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Akajaribu tena. Kikakataa. Akauma mdomo.

"Hakitaki. Mguu haujui." Kisha akasema, bila kumtazama, "Labda kesho nisicheze. Nijifunze kwanza. Na huu muundi."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Recheli aliuona. Aliona pia godauni la tumbaku lililofagiliwa kwa ajili ya sikukuu ya kesho, na mabenchi, na yule ajuza kutoka Denmaki amekaa mbele, na katikati ya sakafu pale ambapo Ng'washi angekuwa, hakuna mtu.

"Utacheza," alisema. "Utaweza."

Godauni lilijaa mpaka madirishani. Harufu ya tumbaku ya msimu uliopita ilikuwa ingali ukutani, tamu na kali. Kwaya ziliimba, askofu alihubiri, mkuu wa wilaya alisoma hotuba. Kisha watoto wakatoka kwa mistari miwili, mikono chini, macho chini, na watu waliozoea kuwaita Wadenishi kwa dhihaka wakanyoosha shingo wawaone. Ng'washi alikuja mwisho.

Aliruka mara ya kwanza, akatua kwa namna aliyoizoea. Mara ya pili vilevile. Recheli, amesimama nyuma ya spika, aliomba Mungu mtoto asahau aliyoambiwa. Lakini Ng'washi hakuwa mtoto wa kusahau alichoambiwa na mwalimu wake. Mara ya tatu alikwenda juu kuliko zote, na alipokuwa anashuka Recheli aliona uso wake ukikumbuka. Akaupeleka mguu wa kulia chini ili auweke wote. Mguu ukasita, ukajipinda, uzito wote ukaufikia ukiwa nusu huku nusu kule.

Mfupa ulilia kama kijiti cha kutundikia tumbaku kinapovunjwa gotini.

Waliokaa mbele walidhani ni kitu cha muziki. Kwa sababu Ng'washi hakupiga kelele. Alishuka chini polepole, goti moja, mkono mmoja umetandazwa kando, kichwa kimeinama kwenye mguu unaofanya kazi kama alivyofunzwa, na alipoinua uso, ulikuwa unatabasamu. Usoni hapakuwa na kitu. Godauni lote likasimama, likapiga makofi na vigelegele. Walifikiri ngoma imeisha hivyo. Mama yake mwenyewe alipiga kigelegele kirefu kuliko wote, mpaka alipomwona Mwalimu Recheli akikimbia, huku akichechemea, akiwapita wageni bila kuomba radhi, ndipo sauti ikamkatikia mdomoni.

Walimkimbiza Tabora. Daktari aliinua picha dirishani, akawaonyesha mama na Recheli. "Hapa ndipo ulipovunjika jana. Lakini ona, huu ufa hapa ni wa zamani. Mfupa ulikuwa unaomba msaada miezi mingi. Hakusema?"

Mama alimtazama Recheli. Recheli aliitazama picha.

Ng'washi alifungwa hogo la plasta mguuni, akafunguliwa, akafungwa tena. Mfupa uliungana, lakini ulipoungana ule mguu ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, na daktari alisema mambo ya kuruka ayasahau. Alirudi Sikonge na magongo, msimu wa kuvuna umeshaanza.

Recheli alikwenda kwao mchana kweupe, kwa miguu, ili kila mtu amwone anakwenda. Aliwakuta chini ya kibanda karibu na bani la kukaushia, wakifunga majani ya tumbaku kwenye vijiti. Ng'washi amekaa kwenye gunia, mguu ameunyoosha. Mama alimpa kigoda, lakini hakusitisha mikono.

"Mwadila, Mwalimu," alisema kwa lugha ya kwao, bila uchangamfu.

Recheli hakukaa. Alieleza yote. Alieleza vibaya, kwa kurudirudi, kwa sauti ndogo, mpaka mama akamwambia ongeza sauti, hatusikii. Akaongeza. Akafika kwenye habari ya bombani, akasita.

"Ulijua lini?" Ng'washi aliuliza. Hilo ndilo neno lake la kwanza.

"Jumamosi ile."

"Kabla hujanifuata bombani, au baadaye?"

"Kabla."

Ng'washi akachukua majani mengine matatu, akayapanga mashina sawasawa, akayazungushia uzi. "Mimi nilisema nisicheze," aliyaambia majani.

"Ulisema."

"Nilifikiri naogopa. Nikajisemea, mimi mwoga." Akakaza uzi kwa meno.

Mama alikuwa ameacha kufunga. "Mwalimu," alisema, na sauti yake ile ya ng'ambo ya mbuga ilikuwa imeshuka kabisa, "ungeniambia mimi, ningemzuia. Hata askofu akasirike. Mimi ningekaa mlangoni."

"Najua, mama."

"Nenda nyumbani."

Recheli aliaga. Ng'washi aliendelea kufunga majani, na Recheli alipofika barabarani aligundua kwamba tangu alipofika mtoto huyo hakumwamkia. Hakuna mtoto wa Sikonge aliyewahi kumpita bila shikamoo.

Alifunga ukumbi. Wiki zikapita. Alishona sare, alikwenda ibadani, alikaa benchi la nyuma. Mchungaji Fikiri alimwambia mara mbili kwamba Bwana husamehe, na mara zote mbili aliitikia ndiyo. Jioni alibaki ndani.

Kisha Alhamisi moja akasikia kishindo. Kimya, kishindo kimoja chepesi, kimya. Alitoka mbio bila viatu. Nyuma ya ukumbi, kwenye kiwanja cha udongo mgumu, watoto walikuwa wamejipanga wenyewe mstari, wakubwa nyuma, wadogo mbele, Mektilda akiimba wimbo wa Alhamisi kwa la-la-la. Kila mmoja, mpaka wale wa mwaka wa kwanza, kisigino cha kulia juu, upana wa kidole. Mmoja wao alikuwa ameokota kijiti akikipitisha chini ya visigino vya wenzake.

"Acheni!" Recheli alipiga kelele. Hawakuwahi kumsikia akipiga kelele. Walisimama, wakageuka, wakamwamkia wote kwa pamoja kama darasani.

Wazazi wawili watatu waliokuwa wakipita na baiskeli walisimama. Safari hii hakushusha sauti. Aliwaambia watoto juu ya tundu la jukwaani, na mguu wa Sista, na kiatu chake. Aliwaambia kwamba yeye aliukuta ugonjwa wa mtu akaufundisha kama adabu. Aliwaambia kwamba Ng'washi hakuanguka kwa bahati mbaya, na kwamba siku iliyotangulia yeye Mwalimu alikuwa ameshajua. Mzazi mmoja alimwita mwanawe, akampandisha kwenye baiskeli, akaondoka bila kuaga. Wengine walibaki.

"Ukitua, kisigino chini," alisema. "Vyote viwili. Taratibu. Haya."

Waliruka. Wakatua. Visigino vyote vya kulia vilibaki juu.

"Chini!"

Wakaruka tena. Wengine walikisukuma chini kwa kishindo wakayumba, wengine wakasahau. Walikuwa wakimtazama. Macho yote yalikuwa kwenye miguu yake, kama walivyofunzwa, wakisubiri aonyeshe. Recheli akasimama sawasawa kwenye udongo, akakunja goti, akakishusha kisigino chake cha kulia. Kilishuka kidogo, mshipa ukakaza, kikagoma. Akasukuma. Maumivu yakampanda mpaka kiunoni. Hakikufika.

Watoto wakaangalia lile pengo kati ya kisigino na ardhi. Kisha, kwa makini, mmoja mmoja, wakafanya vilevile.

"Siyo hivyo," alisema. "Msinitazame mimi."

Mektilda akakunja uso. Alikuwa anataka kufanya vizuri. "Sasa Mwalimu," aliuliza, "tumtazame nani?"

Barabarani mtu alipita na mzigo wa kuni, akawasalimu, hakuitikiwa. Watoto walisubiri, mikono yao imetulia chini, na yeye hakuwa na mguu wa kuwaonyesha.